Uzi: Dubu wa Sherwood anayecheza kwa miguu ya Baloo

Mzee wa Fremu

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna video fupi ambayo kila baada ya miezi michache hurudi kwenye simu zetu, inayoweka vipande vya filamu za zamani za katuni za Disney kimoja kando ya kingine, ili mtazamaji aone kwamba wahusika wawili wa filamu tofauti wanacheza kwa mwendo mmoja, hatua kwa hatua. Maoni yanayoandikwa chini yake hayabadiliki: wavivu hao, wabahili hao, walituuzia viporo. Neno hilo la viporo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, maana kiporo hupashwa moto tu kikaliwa, ilhali kazi tunayoizungumzia hapa ilipikwa upya tangu kuchambua mchele.

Kesi maarufu kuliko zote imo ndani ya Robin Hood ya mwaka 1973. Watu wa Sherwood, ambao wote ni wanyama, wanakusanyika msituni kumkejeli mtawala wao dhalimu, Prince John, kwa wimbo, na katika ngoma hiyo moja umo urithi wa filamu tatu. Dubu Little John na kuku Lady Kluck wanacheza mwendo ambao Baloo na orangutani King Louie waliucheza katika The Jungle Book ya 1967. Maid Marian anazunguka kama Snow White alivyozunguka katika nyumba ya mbilikimo mwaka 1937. Vipande vingine vimetoka kwenye karamu ya paka wa The Aristocats ya 1970. Tena Little John na Baloo wote ni madubu, na wote wawili walitiwa sauti na Phil Harris, kwa hiyo si ajabu kwamba mtoto mwenye macho makali alikuwa akihisi jambo hata kabla ya hizo video kuzaliwa.

Sasa tuingie jikoni. Filamu ya sinema hupita kwenye taa kwa kasi ya fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Wachoraji wa katuni mara nyingi huruhusu mchoro mmoja ukae fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja ya mhusika mmoja hudai michoro 12, na dakika moja hudai 720. Michoro hiyo huchorwa kwa penseli kwenye karatasi zenye matundu yanayoingia kwenye vigingi vya meza, ili karatasi isisogee hata unywele, na meza yenyewe ina kioo chenye taa chini yake, ili mchoro wa chini uonekane kupitia karatasi ya juu. Kila fungu la michoro huambatana na karatasi ya ratiba inayomwambia mpiga picha ni mchoro upi ukae fremu ngapi. Filamu ikishakamilika, michoro hiyo haikutupwa. Studio ilikuwa na ghala lake, na wafanyakazi wenyewe walikuwa wakiliita mochwari.

Mchoraji aliyeambiwa atumie mwendo wa Baloo alikuwa akienda huko mochwari, akiomba mafungu ya michoro ya mwaka 1967, kisha akiweka karatasi moja moja kwenye kioo chenye taa na kumchora Little John juu yake. Hapo ndipo watu wengi wanapodhani kazi imekwisha, na mimi nilidhani hivyo pia mpaka nilipojaribu. Mpwa wangu alikuwa likizo kwangu, mvua ilikuwa inanyesha, na nilikuwa nimenunua karatasi angavu za kuchukulia ramani. Tulisimamisha The Jungle Book kwenye kompyuta, tukabandika karatasi kwenye kioo kwa gundi ya utepe, tukamchora Baloo mara nane, fremu baada ya fremu. Kisha tukafungua Robin Hood mahali panapolingana na kuweka karatasi zetu juu ya Little John, tukikuza picha kidogo ili vimo vilingane. Nyonga na magoti viliangukia pale pale. Kisigino kilichonyanyuka kwa Baloo kilinyanyuka kwa Little John. Lakini kuanzia kifuani kwenda juu karatasi zetu hazikuwa na faida kubwa, kwa sababu Little John ana nguo inayopaswa kuyumba na kofia inayopaswa kukaa, wakati Baloo aliingia kwenye ngoma ile akiwa na sketi ya majani na vifuu vya nazi mdomoni, na vitu hivyo vilikuwa na mwendo wao ambao haumfai mwenzake.

Marian ni mgumu zaidi. Snow White ni binti mwenye uso bapa wa kibinadamu, naye Marian ni mbweha mwenye pua ndefu iliyochongoka, kwa hiyo kila anapogeuza kichwa, mchoro wa zamani haukuambii hata kidogo pua hiyo inapita wapi. Marian amevaa ushungi, na Snow White hana. Mchoraji wa 1973 alilazimika kuubuni mwendo wa pua na wa ushungi kutoka hewani, huku akiwa amefungwa mikono na mwili uliochorwa miaka 36 kabla yake.

Hoja yangu basi ni kwamba kilichohama kutoka filamu hadi filamu si mchoro bali ni mwendo: wapi uzito wa mwili unaegemea na kwa fremu ngapi. Na kuuhamisha mwendo hivyo hakukumpunguzia mtu yeyote kazi pale mezani.

Binti Shangani

Mkuu, nimesoma kwa furaha, hasa hiyo habari ya karatasi za ramani, lakini naona umewaondolea lawama mapema mno. Unazungumzia meza ya mchoraji bila kuzungumzia ofisi ya mhasibu.

Sleeping Beauty ilitoka mwaka 1959 baada ya kutengenezwa kwa sehemu kubwa ya muongo mzima, iligharimu kiasi cha dola milioni 6, na katika maonyesho yake ya kwanza haikurudisha fedha hizo. Baada ya hapo studio ilipunguza watu. Ub Iwerks, rafiki wa Walt Disney tangu ujana wao, aliibadili mashine ya fotokopi ya Xerox ili iweze kuhamisha mistari ya penseli moja kwa moja kutoka kwenye karatasi hadi kwenye seluloidi, yaani zile karatasi angavu za plastiki zinazopigwa picha, ikajaribiwa katika filamu fupi ya Goliath II ya 1960, na mwaka uliofuata ikabeba filamu nzima ya mbwa 101, One Hundred and One Dalmatians. Kabla ya hapo kila mstari wa kila mchoro ulikuwa ukipitishwa wino kwa mkono, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake, chumba kizima cha wanawake wenye mikono isiyotetemeka. Mashine ilipoingia, wengi wao hawakuhitajika tena. Angalia filamu za miaka ya 1960 na 1970 utaona mistari ile mikavu, myeusi, yenye mabaki ya penseli, ambayo Walt mwenyewe hakuipenda.

Kisha Walt akafariki Desemba 1966. Kwa hiyo Robin Hood ni kazi ya nyumba iliyofiwa na baba, yenye fedha kidogo, yenye mashine inayorahisisha kunakili, na yenye ghala lililojaa michoro. Ukiniambia kwamba kurudia ngoma ya Baloo hakukuwa na uhusiano na ubahili, nitakujibu kama wazee wetu: lisemwalo lipo.

Mzee wa Fremu

Dada Binti Shangani, habari zako zote ni za kweli na sina la kupinga hata moja. Ninachopinga ni fundo ulilolifunga mwishoni.

Mashine ya Xerox iliokoa kazi katika chumba cha wino, yaani baada ya mchoro wa penseli kukamilika. Kuchorea juu ya michoro ya zamani ni kazi ya kabla ya hapo, mezani kwa mchoraji, na akiba ya chumba kimoja haiwezi kuandikwa kwenye daftari la chumba kingine. Pale mashine iliporahisisha kurudia, ilirahisisha kwa namna nyingine kabisa: katika filamu ya mbwa 101 iliwezekana kuchora kundi dogo la watoto wa mbwa, kisha kuzidisha michoro ile ile kwa mashine mpaka skrini ikajaa. Hiyo ndiyo akiba halisi, na hakuna anayeilalamikia kwa sababu hakuna anayeiona.

Tazama pia studio hiyo hiyo ilivyobana matumizi zamani. Dumbo ya 1941 ilitengenezwa kwa fedha kidogo kwa makusudi, ina dakika 64 tu, mandhari yake yamepakwa rangi za maji, na wahusika wake ni wa maumbo mepesi. Mhasibu akitaka kupunguza gharama za katuni, hapo ndipo anapokata: urefu, mandhari, wingi wa mistari.

Sasa uliza swali jingine: urudiaji huu mnaouona kwenye video umeelemea kwa nani? Mbwa wanaomrukia na kumlamba kijana Wart katika The Sword in the Stone ya 1963 wanageuka kuwa mbwamwitu wanaomlamba Mowgli mwaka 1967. Mwongozaji wa filamu zote mbili ni Wolfgang Reitherman. Mwongozaji wa The Aristocats ni yeye, na wa Robin Hood ni yeye. Huyu alikuwa mmoja wa wale wachoraji tisa ambao Walt aliwaita wazee wake, mtu aliyekuwa ameingia studio tangu miaka ya 1930, na alikuwa anajua ni kipande kipi kiliwachekesha watu ukumbini.

Na tuna shahidi. Floyd Norman, aliyeingia Disney miaka ya 1950 akiwa miongoni mwa wachoraji weusi wa mwanzo wa studio ile, na aliyefanya kazi chini ya Reitherman, amewahi kueleza hadharani kwamba urudiaji ule haukuwaokolea muda, bali uliwaongezea kazi, kwa kuwa ilibidi kwenda ghalani, kutafuta michoro, kisha kuilazimisha ikubali mhusika mpya. Kwa maelezo yake, Reitherman alipenda kutumia kitu alichokwisha kujua kwamba kinafanya kazi. Mimi naita hiyo hofu ya mtu mzoefu. Mfinyanzi aliyekwisha kupasukiwa na vyungu hurudi kwenye udongo wa shimo lile lile, hata kama shimo liko mbali na maji.

Fundi Kalamu

Wakuu, naomba niingie kama mtu anayekula kwa kazi hii. Nachora katuni za matangazo na za vipindi vya watoto hapa Dar es Salaam, na katika studio ndogo kama yetu suala la kurudia mwendo si la mjadala, ndiyo kazi yenyewe. Mhusika wetu ni kikaragosi kilichomo ndani ya kompyuta: kichwa peke yake, mkono wa juu peke yake, mkono wa chini peke yake, vimeunganishwa kwenye viungo. Nikishamfundisha kutembea mara moja, nahifadhi hatua zake mbili, na kuanzia hapo atatembea shambani, sokoni na shuleni kwa hatua hizo hizo mpaka kipindi kiishe.

Ila ngoja niwaambie kilichonipata. Mteja mmoja aligundua kwamba mama aliyempungia mtoto mkono katika tangazo lake alikuwa amepunga vile vile katika kazi tuliyomfanyia mtu mwingine mwaka uliotangulia. Nguo ni tofauti, sura ni tofauti, kiganja ndicho kilichomshtaki. Alikataa kumalizia malipo, akasema tumemuuzia mtumba. Nilijaribu kumweleza kwamba hata binadamu hupunga mkono kwa namna chache tu, hakunisikiliza. Kwa hiyo Mzee wa Fremu, hoja yako kwamba mwendo na mchoro ni vitu viwili naielewa kabisa, lakini mtazamaji akishauona mwendo hawezi tena kutouona, na hapo ndipo anapojihisi ameibiwa.

Nina swali pia kuhusu mwenye mali. Aliyemchezesha Snow White mwaka 1937 alipata nini 1973?

Mzee wa Fremu

Fundi, pole sana. Kuhusu swali lako, wachoraji wale walikuwa waajiriwa na michoro ilikuwa mali ya studio, kwa hiyo kutumika tena kwa mwendo hakukumfungulia mchoraji wake wa kwanza mlango wowote wa kudai. Hilo ndilo lalamiko ambalo ningependa video zile zilibebe badala ya lile la uvivu.

Kijukuu wa Mwembeni

Samahani wakubwa zangu, mimi nilikulia kwenye mikanda ya He-Man, na nakumbuka kila akikimbia alikuwa anakimbia vile vile, akipiga ngumi anapiga vile vile kuelekea kwenye kamera. Je, hiyo nayo ilikuwa hofu ya mtu mzoefu?

Mzee wa Fremu

Hapana kijana wangu, hiyo ilikuwa njaa. He-Man ilitengenezwa na studio ya Filmation kuanzia mwaka 1983, na msimu wa kwanza peke yake ulikuwa na vipindi 65. Wakati studio nyingi za Marekani zilikuwa zikipeleka uchoraji Asia ambako malipo yalikuwa madogo, Filmation waliamua kubaki na wachoraji wao nyumbani, na njia ya kuwalipa ilikuwa kuwa na akiba ya miendo iliyochorwa vizuri mara moja: kukimbia, kugeuka, kuruka, kucheka. Mchoro wenyewe ulirudi kwenye kamera, mandhari ya nyuma yakabadilishwa. Wajapani walikuwa wamefika huko tangu 1963, Osamu Tezuka alipoanza kutoa katuni ya roboti mtoto kila wiki kwenye televisheni, na mpango huo wao wanauita benki, jina linaloeleza kila kitu: unaweka leo, unatoa kesho.

Ndiyo maana naomba tusivichanganye. Kwenye benki mchoro haubadiliki na akiba ni ya kweli. Kwenye Robin Hood hakuna hata mstari mmoja wa Baloo uliofika kwenye skrini.

Binti Shangani

Nimerudi baada ya siku mbili za kutazama, na nina mambo mawili, moja la kukupinga na moja la kukuunga mkono, ila hata hilo la pili lina mwiba.

La kukupinga ni Beauty and the Beast ya 1991. Ngoma ya mwisho kabisa, Belle na mtoto wa mfalme wanapozunguka baada ya laana kuondoka, imechorwa juu ya ngoma ya mwisho ya binti mfalme Aurora na mwana wa mfalme Phillip katika Sleeping Beauty. Hapa hakuna Reitherman, waongozaji ni Gary Trousdale na Kirk Wise. Hapa pia hakuna umaskini wa ufundi, kwa sababu rangi zilitiwa kwa kompyuta, na ule ukumbi mkubwa wa ngoma ya katikati ulijengwa kwa kompyuta. Kilichokuwapo ni uhaba wa muda: toleo la kwanza la hadithi lilitupwa, wakaanza upya, na filamu ya kawaida ya miaka minne ikapewa takriban miwili. Walipofika mwisho walikimbilia ghalani. Kwa hiyo kumbe urudiaji unaweza kuokoa muda, Mkuu, la sivyo watu waliobanwa hivyo wasingeuchagua.

La kukuunga mkono linahusu huo mwendo wako. Ulianza hesabu mwaka 1937, lakini Snow White mwenyewe hakuubuni mwendo ule. Studio ilimwita msichana mcheza dansi, Marjorie Belcher, binti wa mwalimu wa dansi wa Hollywood, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Marge Champion. Walimvisha gauni, wakampiga picha za sinema akicheza, na wachoraji wakazitazama picha hizo walipomchora Snow White. Vivyo hivyo kwa Aurora: mbele ya kamera alisimama Helene Stanley, ambaye pia alikuwa ameigizia Cinderella. Basi Marian wa 1973 ni mbweha aliyechorwa juu ya binti wa katuni aliyechorwa kwa kumtazama msichana aliyekuwa hai. Ukitafuta mwenye mwendo, ndiye huyo, na mwiba wenyewe ni kwamba katika uzi mzima mmewataja wachoraji na waongozaji, yeye hakutajwa mpaka nilipokuja mimi.

Mzee wa Fremu

Mwiba nimeupokea, dada, na sitautoa haraka.

Kuhusu Beauty and the Beast nakubali, na nitaibana hoja yangu ikae vizuri. Aurora na Belle wote ni wasichana wa kibinadamu wenye magauni mapana, Phillip na mwana wa mfalme wote ni vijana wenye mabega, kwa hiyo mchoro wa chini unakaribia kujibu kila swali la mchoraji wa juu. Hapo muda unaokolewa. Ukitoka kwa binti kwenda kwa mbweha, au kutoka kwa mikono mirefu ya orangutani kwenda kwenye mabawa ya kuku, maswali yanazidi majibu. Kwa hiyo tuseme hivi: kadiri miili inavyofanana ndivyo urudiaji unavyolipa, na Robin Hood ilichagua miili isiyofanana karibu kote isipokuwa kwa madubu wawili.

Nimeirudia Sleeping Beauty leo jioni ili nihakikishe. Katika ngoma ile ya 1959 wale wachawi wema wanagombana juu ya rangi ya gauni, linakuwa la waridi, linakuwa la buluu, tena la waridi. Mwaka 1991 gauni ni la njano na linatulia. Nilijikuta nikiusubiri ugomvi usiokuja.

Fundi Kalamu, yule mteja wako angeteseka sana hapa kwangu. Tangu tulipofanya jaribio letu, mpwa wangu hataki tena kuchora juu ya Baloo. Amenitaka nimrekodi yeye mwenyewe kwa simu akicheza barazani, na sasa anamchora sungura juu ya mwili wake, mchoro mmoja kwa fremu mbili. Amefika wa 23. Miguu imekaa vizuri, ila masikio yanamkera, kwa sababu kila akirudi kwenye video kuangalia yanavyopaswa kuyumba, anakuta kichwa chake hakina masikio ya namna hiyo.